Ukurasa Ambao Sikuugeuza

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, anayewaandikia katika daftari hili ni mstaafu. Mnaweza kucheka. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, na Jumamosi iliyopita nimekabidhi kiti changu cha plastiki kwenye baraza la wodi ya macho, baada ya miaka minne ya kuwasomea wagonjwa. Mzee mmoja aliniuliza kiinua mgongo changu ni nini. Nikamwambia ni kiti chenyewe, ila nimekatazwa kuondoka nacho.

Mlionijua shuleni mnajua kwamba mimi siongei. Nikiulizwa swali darasani, jibu linatoka kama limebanwa na mlango. Ndiyo maana mwalimu wa zamu alinitazama mara mbili siku niliponyoosha kidole kuomba kazi ya kusoma kwa sauti mbele za watu. Siri yake ilikuwa ndogo. Wale watu walikuwa hawanioni. Wakati ule nilikuwa na chunusi uso mzima na sare ya dada yangu iliyonipwaya, na kumbe kulikuwa na mahali ambapo naweza kukaa mbele ya watu ishirini na hakuna hata mmoja anayeniangalia. Nilikimbilia pale kama mbuzi anavyokimbilia kivuli saa saba mchana. Hiyo ni aibu ya kwanza. Naitaja mapema ili isije ikajificha nyuma ya ile kubwa.

Ile kubwa ipo, nitaifikia. Nikizunguka mnivumilie. Hata daftari langu la kila siku lilizunguka miezi kadhaa kabla sijathubutu kuandika ndani yake jina la Mama Ndahani.

Kwanza kazi yenyewe. Kila Jumamosi asubuhi, wagonjwa wakishakunywa uji na kuwekewa matone, wauguzi huwatoa wale waliopasuliwa macho waje kukaa barazani. Wengi wana mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba mboni. Wengine wana trakoma, ambayo kwetu huku kwenye vumbi na maji ya kuchota mbali huwageuza watu kope zikaanza kuchoma jicho lenyewe. Wanatoka kwa mstari, kila mtu ameshika bega la aliye mbele, jicho moja limefungwa bandeji na plasta, na mara nyingi la pili nalo halina kazi. Wanaume wanakaa benchi la kushoto, wanawake la kulia. Wewe unakaa katikati.

Aliyenifundisha ni Dada Rehema, ambaye alikuwa kidato cha nne mimi nilipoanza. Alikuwa mkali kama pilipili ya kukaanga, na sijawahi kupata mwalimu mzuri kuliko yeye.

"Neema, usinyate," aliniambia siku ya kwanza. "Hapa si msikitini wala kanisani. Kokota kiti wasikie umefika. Taja jina lako, hata kama ulilitaja Jumamosi iliyopita. Mtu akiondoka, sema ameondoka. Akija daktari, sema daktari amesimama mlangoni. Usiwaache watu wakimsema aliyesimama mbele yao."

Na mimi siku hiyohiyo nikafungua kitabu chenye picha, nikaanza, "Kama mnavyoona hapa…"

Mzee Issa, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Kondoa aliyekaa sana wodini akingoja jicho la pili, akajibu kutoka benchi la wanaume, taratibu kabisa, "Endelea tu, mwanangu. Tunaona vizuri sana."

Baraza zima likaangua kicheko. Nilitamani sakafu ile ya saruji ipasuke nitumbukie. Badala yake akatoka Sista Magreth, muuguzi mkuu wa wodi, ameshika kiuno.

"Nani anawachekesha watu wangu? Jicho lililopasuliwa jana halichekeshwi. Wakikohoa na kujikamua hivyo, kazi ya daktari yote imekwenda."

Dada Rehema akasema basi tutasoma ya huzuni.

"Ya huzuni wanalia. Machozi nayo siyataki."

"Sasa tusome nini, Sista?"

"Someni kitu cha katikati."

Wadogo zangu, miaka minne nimetafuta kitu cha katikati. Habari za kilimo zinawalaza, habari za siasa zinawagombanisha, na hadithi za sungura zinamchekesha Mzee Issa mpaka Sista anatoka tena. Nilichokaribia nacho zaidi nilikiokota mwaka ule wa kwanza kwenye kabati la wodi, chini ya masanduku ya miwani ya zamani. Ni kitabu chembamba cha Kiingereza, jalada limeng'oka, kilichoachwa na dada mmoja Mfilipino aliyekuja kupima watu miwani mwaka mzima akarudi kwao. Ni maisha ya shujaa wa taifa lao. Alikuwa daktari wa macho.

Jina lake lilikuwa la Kihispania na lilinishinda kulitamka. Nililijaribu mara tatu, Mzee Issa akanihurumia. "Mwite Daktari wa Visiwani, tuendelee," akasema, na baraza likapitisha. Nami hapa nitamwita hivyohivyo.

Kusoma kitabu cha Kiingereza kwa watu wa Kiswahili kuna ufundi wake, na huu naomba muushike. Macho yanasoma lugha moja na mdomo unasema nyingine. Haiwezekani ukaja kubahatisha pale mbele. Ijumaa jioni unakaa na kamusi, unapitia kurasa zote za kesho, na juu ya kila neno gumu unaandika maana yake kwa penseli. Dada Rehema alikuwa na sentensi moja ya hilo, alinirudishia kama rozari: "Usiwasomee usichokisoma."

Wiki za mwanzo nilishika. Niliwasomea alivyokuwa mtoto, mama yake akimfundisha kusoma kwa mwanga wa taa, na hadithi ya nondo mdogo, yule kipepeo wa usiku, aliyeupenda mwanga mpaka akaungua. Niliwasomea alivyokwenda nchi za mbali kusomea macho kwa sababu mama yake alikuwa anapofuka. Hapo wanawake wa benchi la kulia waliacha hata kupepea nzi. Niliwasomea alivyoandika riwaya mbili, akaonyesha ndani yake jinsi watawala wa Kihispania na mapadri wao walivyowakandamiza watu wake, na jinsi wakubwa walivyokasirika wakampeleka uhamishoni kwenye mji mdogo wa kusini.

"Kwa kuandika tu?" Mzee Issa akauliza. "Je, angeiba ng'ombe?"

"Ng'ombe mtu analipa," akasema mama mmoja. "Maneno utalipaje?"

Huko uhamishoni hakukaa kulia. Alifungua shule ya vijana, akatibu macho ya watu wanaotoka mbali, na akawavutia maji kutoka mlimani mpaka mjini. Niliposoma ya maji, wazee walinirudisha nyuma mara mbili. Mabomba yalikuwa ya nini? Mlima ulikuwa umbali gani? Nani alichimba? Mzee Issa alitoa hukumu kwamba vitabu ni sawa, lakini mtu aliyeleta maji ndiye shujaa, na kwamba huyo angekuja Dodoma tungempa hata mke.

Mama Ndahani hakuuliza habari za maji. Alikuwa bibi mwembamba wa Kigogo kutoka kijiji kimoja upande wa Chamwino, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha mtu anayechagua punje njema kwenye ungo. Kila Jumamosi nilipokokota kiti, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuitika. "Mbukwenyi, mjukuu wangu," ndiyo salamu ya kwao, nami namwambia shikamoo, anacheka kwamba tumesalimiana kila mtu na njia yake. Macho yote mawili yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, na juu yake kope zilikuwa na makovu ya trakoma. Kwa wiki kadhaa alilazwa akitibiwa kope kwanza, ndipo wakampasua jicho la kulia. Wagonjwa wengi wanafunguliwa na muuguzi kesho yake asubuhi, lakini yeye, kwa sababu ya zile kope, daktari alisema bandeji ikae siku zaidi na isiguswe na mtu yeyote.

Alichouliza Mama Ndahani kilikuwa kimoja tu, kila wiki. "Yule mama wa Daktari, mtoto wake alirudi?"

"Alirudi, Bibi."

Wiki ile ya bandeji akaongeza, "Wangu naye anarudi. Jumapili."

Mtoto wake, Ndahani, alikuwa machimboni Geita. Miaka sita hakuja nyumbani. Mara ya mwisho alipokuja, macho ya mama yake tayari yalikuwa yanaona kivuli tu, akamjua kwa sauti na harufu ya sabuni. Sasa alikuwa amepiga simu kwamba anakuja, na mama yake alikuwa na jicho jipya chini ya bandeji.

Nafika sasa.

Ijumaa ya wiki hiyo sikushika kamusi. Nilikuwa nyumbani kwetu Miyuji, nimekaa kwenye mkeka na shangazi tunaangalia tamthilia, na kila tangazo lilipoingia nilijiambia nitasoma baada ya hili. Natamani niwaambie kulikuwa na msiba, au umeme ulikatika. Umeme ulikuwepo. Ndio uliowasha tamthilia.

Jumamosi nikafungua kitabu mbele ya watu, na ukurasa wenyewe ulikuwa wa yule mama. Alimfuata mwanawe uhamishoni, na mwanawe akampasua jicho. Hayo niliyaelewa. Mwisho kabisa wa ukurasa nikaelewa na hili: kwamba yule mama aliifungua bandeji kabla ya siku yake. Sentensi iliendelea upande wa pili, na nilipochungulia upande wa pili nikaona mistari imejaa maneno ya kidaktari, marefu, sijawahi kukutana nayo. Sikuwa na penseli juu yake hata moja.

Watu ishirini walikuwa wameinamia mbele. Mama Ndahani alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

Nilipaswa kusema, "Hapa sijui, nitawasomea wiki ijayo." Ni maneno matano. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile.

Badala yake nikafumba macho, na sauti ikatoka ambayo sikuijua. "Akaifungua bandeji kwa mkono wake, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mwanawe. Akamshika uso, akasema, mwanangu, sasa hata nikifa sina deni na macho yangu. Na tangu siku ile jicho lile halikufunga ukungu tena."

Kisha Mama Ndahani akasema, "Eee," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetua mzigo. Mzee Issa akasema hicho sasa ndicho kitu cha katikati. Wakanisifu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu watu kunisifu kwa kuongea. Usiku nikaandika kwenye daftari langu, nanakili kama ilivyo: "Leo nimekuwa mtu."

Jumamosi iliyofuata nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi. Mzee Issa, ambaye alikuwa ameruhusiwa katikati ya wiki na sasa amekuja kliniki, macho yake mawili yamefunguka, ndiye aliyenieleza.

"Kijana wake alifika Jumapili baada ya ibada. Alipomsikia tu anaita mama, akanyanyua mkono, akabandua plasta. Nilikuwa pale mlangoni. Kabla sijasema neno, bandeji iko chini, anafuta jicho kwa pindo la kitenge. Na pale nje upepo ulikuwa unavuma, vumbi kama unga."

"Aliona?"

"Aliona. Alimtazama yule kijana, akamwambia, Ndahani, umeota mvi." Mzee Issa akatikisa kichwa. "Jumatatu jicho likaanza kutoa usaha."

Nikaingia wodini na kitabu kwapani. Sista Magreth alikuwa anamwekea matone, na alikuwa na hasira ile ya mtu anayeogopa.

"Mama, nilikwambia usiguse. Daktari alikwambia usiguse. Sasa nani alikwambia ufungue?"

Mama Ndahani alikuwa amelala chali, jicho limevimba kama embe bichi. Alisikia miguu yangu ikisimama. Najua alisikia, maana aligeuza uso upande wangu.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni tamaa yangu."

Sista akageuka akaniona. "Neema, usisimame hapo, nenda ukasome." Nikaenda. Niliwasomea habari za kupanda mtama, na wakasinzia, na nilishukuru wakisinzia.

Jioni nikashika kamusi. Maneno ya kidaktari niliyoyaogopa yalikuwa ya usaha, homa ya jicho na kidonda. Ukurasa ulisema kwamba yule mama aliifungua bandeji kabla ya siku yake, na jicho likaharibika, na mwanawe akahuzunika sana. Kila kitu nilichohitaji kuwaambia watu wale kilikuwa upande wa pili wa karatasi niliyoishika mkononi. Sikuhitaji kuwa mwerevu. Nilihitaji kugeuza.

Walimchoma sindano siku nyingi. Jicho halikung'olewa, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini lilibaki na kovu jeupe katikati, na linachoona sasa ni mchana na usiku tu. Akarudi kijijini. Jicho la kushoto alitakiwa apasuliwe baadaye, akakataa. Sista Magreth alikuwa analalamika jikoni na wenzake: amemwita mara mbili, amemtuma mtendaji wa kijiji, bibi anasema moja limeshakwenda na hili lililobaki linamwonyesha mlango uko wapi, atakaa nalo. "Atapofuka kabisa kwa ukaidi," Sista alisema. Mimi nilikuwa naosha vikombe. Niliviosha vikombe vile mpaka vikakaribia kutoboka.

Kitabu nilikiweka chini ya masanduku. Mzee Issa aliponiuliza Daktari wa Visiwani aliishia wapi, nikamjibu, "Walimpiga risasi," nikapita, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Ni kweli walimpiga risasi. Nilikuwa nimemaliza kukisoma peke yangu, nyumbani, kabla ya kukificha. Kabla ya kufa aliandika shairi, akalificha ndani ya jiko dogo la spiriti, akampa dada yake jiko lile mbele ya walinzi na kumnong'oneza kwamba kuna kitu ndani. Kwao wakalitoa lote, neno kwa neno. Nilifunga kitabu nikalia. Mtu yule alikuwa anakwenda kufa, na alihakikisha maneno yake yamefika salama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sina adui wala mlinzi, nikayavunja njiani.

Nilikaa na hilo miezi. Mpaka siku niliposikia gari la kliniki ya mkoba linakwenda upande wa Chamwino, nikamwomba Sista nikasaidie kuandika majina. Akashangaa. "Wewe? Huko utaongea na watu, ujue." Nikasema nitaongea.

Tulipofika, Sista akapanga meza yake ofisi ya kijiji, nami nikaomba ruhusa ya kwenda kumsalimia Mama Ndahani. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea ukuta wa nyumba yake upande wa kivuli, anabangua karanga kwa kupapasa. Nikakokota miguu makusudi.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi, Neema. Msomaji."

"Mbukwenyi, msomaji. Umekuja na kiti chako?"

"Nimekuja na kitabu."

Akaendelea kubangua. Nikakaa kwenye udongo, nikasema kwa haraka kabla mdomo haujafunga. "Bibi, siku ile nilisema uongo. Yule mama alifungua bandeji, kweli, lakini hakupona siku ile. Jicho lake lilivimba kama lako. Mimi maneno yaliyobaki sikuyajua, nikaona haya kusema sijui, nikatunga."

Akaminya ganda, likapasuka, karanga zikaanguka kwenye ungo.

"Najua."

"Unajua nini, Bibi?"

"Kwamba ulitunga. Ulikuwa unasoma, karatasi inalia. Unasoma, karatasi inalia. Ulipofika kwa yule mama ukasema maneno matamu, na karatasi haikulia. Asiyeona ana kazi gani nyingine, mjukuu wangu? Ni kusikiliza tu."

"Sasa kwa nini ulifungua?"

"Ulisema lililokuwa tumboni mwangu. Mtu akikupa unachokitaka, humuulizi amekitoa wapi." Akachukua karanga nyingine. "Tulidanganyana, wewe na mimi. Ila wewe ulirudi kwenu na macho mawili."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ningelibeba kirahisi zaidi. Alilisema kama anavyosema mvua haijanyesha.

Akaongeza, "Lile jicho halikuondoka na njaa. Lilimwona Ndahani." Wadogo zangu, neno hilo nilitaka kulishika nikimbie nalo kama msamaha. Nawaambia ukweli, niliandika kwenye daftari kwamba amenisamehe. Baadaye nikalifuta. Hakusema hivyo. Alikuwa anaongea habari za jicho lake.

"Haya, soma," akasema. "Nisikie."

Nikasoma. Safari hii kila neno gumu lilikuwa na penseli juu yake. Nilipofika mwisho wa ukurasa, nikaushika kwa vidole viwili, nikaugeuza taratibu, ukalia. Kichwa chake kikainuka kidogo. Nikasoma jicho lilivyoharibika. Nikasoma mtoto alivyohuzunika. Nikasoma kwamba alianza kumtibu upya, kwa muda mrefu, na mwishowe mama akaona.

Mikono ya Mama Ndahani ikatulia juu ya ungo. "Alimtibu tena? Hakumwambia wewe mkaidi, nenda zako?"

"Alihuzunika, Bibi. Lakini alimtibu tena."

"Na akaona."

"Akaona."

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akasema rudia, nikarudia mara ya tatu. Hapo ndipo aibu yangu ilipokaa vizuri, kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda. Uongo wangu ulikuwa mzuri, lakini ndani yake hapakuwa na nafasi ya mtu aliyekosea. Ukurasa wa kweli nafasi hiyo ulikuwa nayo, na alikuwa ameihitaji tangu ile Jumatatu ya usaha, na mimi nilikuwa nimeifungia kabatini chini ya miwani mibovu.

Akaweka ungo pembeni, akanyoosha mkono nimnyanyue. "Sista wako yuko wapi?"

Alipasuliwa jicho la kushoto wiki chache baadaye. Ndahani alikuja tena, na hizo mvi zake. Safari hii Mama Ndahani aliketi kitandani, bandeji usoni, na mikono yake miwili ameikalia. Ndahani alicheka, akamuuliza ndiyo mkao gani huo.

"Wewe ongea tu," mama yake akamwambia. "Hii mikono siiamini. Sura yako nitaitazama Sista akifika na wakati wake."

Siku Sista Magreth alipobandua plasta nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo ya maji, mahali pangu pa siku zote. Mama Ndahani akapepesa, akamtazama Sista, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na msomaji?"

Sista akanivuta kwa mkono. Nikasimama mbele yake, na chunusi zangu, na ndoo.

"Kumbe ndiye huyu," akasema. "Sauti ile nilidhani ni ya mtu mkubwa."

Nikainamisha uso.

"Inua," akasema Mama Ndahani. "Nimengoja sana."

Nikainua. Jicho moja jeupe, la kovu. Jingine jeusi, linang'aa, linaniona. Sijui alitazama kwa muda gani. Mimi niliyekwenda kule kwa sababu hakuna anayeniona, nilitazamwa na hayo yote mawili.

Haya, hiyo ndiyo kazi mnayoirithi. Kiti kina mguu mmoja uliopinda, kiwekeni upande wa ukuta. Kamusi iko rafu ya juu. Kitabu cha Daktari wa Visiwani nimekirudisha kabatini, juu ya masanduku na si chini, na ule ukurasa nimeukunja pembe. Mkifika hapo, ugeuzeni kwa nguvu. Wanasikia.

Limebaki moja. Sista Magreth bado anaamini kwamba Mama Ndahani alifungua bandeji kwa ukaidi. Kila mwaka anawasimulia wauguzi wapya kama mfano wa mgonjwa asiyesikia, na mimi nimekaa hapo barazani nikimsikia, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka nimestaafu. Nilikuwa nimepanga daftari hili niliweke kabatini, alikute nikiwa nimeshaondoka. Nimebadili mawazo. Kesho nitampa yeye kwanza, mkononi, nitakokota kile kiti nikae mbele yake mpaka amalize. Akiinua macho, nitajitahidi nisiangalie chini.